Meli ya tatu inunuliwe lini? Maersk, MSC na kampuni ndogo ya pwani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Familia yetu ina meli mbili ndogo za mizigo. Zinabeba saruji, mabati, vyakula na bidhaa za madukani kati ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba, na mara mojamoja Mtwara na Moroni ya Komoro. Nauli kwa sasa ni nzuri, na kaka zangu wanataka tuchukue mkopo tununue meli ya tatu. Mimi ndiye ninayeshika hesabu. Chuoni tulisoma usimamizi wa kimkakati, lakini mifano yote ilikuwa ya viwanda na maduka. Nasikia Maersk wanahamia kwenye maghala na malori, na MSC wao wananunua meli tu. Nani yuko sahihi, na sisi wadogo tumfuate yupi?"

Marahaba, binti yangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu limegusa mahali ambapo makampuni makubwa mno yamezama. Maersk na MSC, kampuni mbili kubwa kuliko zote za meli za makontena duniani, kila mmoja yuko sahihi kwa mfuko alio nao. Usiwaige ukubwa wao wala bidhaa wanazouza. Angalia jinsi kila mmoja alivyoamua mapema kwamba nauli ikianguka, hasara itabebwa na nani, na kwa fedha za nani. Kwenye meli, swali hilo ndilo mkakati. Mengine yote mliyosoma chuoni, kuanzia nguvu tano za ushindani hadi jedwali la uwezo na udhaifu, yanakuja baada yake.

Nianze na kinachoifanya biashara hii iwe tofauti na kiwanda cha sabuni. Meli ikishaondoka gatini, mabaharia watalipwa, bima itadaiwa, mafuta yataungua na bandari itachukua chake, iwe imejaa au nusu tupu. Kubeba kontena moja zaidi kunaongeza gharama kidogo sana. Kwa hiyo mzigo ukiwa haba, kila mwenye meli anashusha bei ilimradi apate chochote, kama kondakta wa daladala ya mwisho usiku anavyokubali abiria kwa nusu nauli. Wote wakifanya hivyo, bei inaanguka hadi inashindwa kulipa hata mafuta.

Upande wa pili ni viwanda vya kuunda meli. Nauli ikipanda, kila tajiri anaagiza meli mpya. Meli hiyo inachukua miaka miwili au mitatu kukamilika, na ikifika inakaa baharini robo karne. Zilizoagizwa wakati wa neema zinaingia majini kwa pamoja, mara nyingi neema yenyewe ikiwa imepita. Mfano mkali ni wa 2008. Kipimo cha Baltic Dry, kinachofuatilia nauli za meli za shehena ya kichele, yaani isiyofungashwa, kama madini na nafaka, kilifika 11,793 mwezi Mei mwaka ule. Mwanzoni mwa Desemba kilikuwa 663. Aliyesaini mkataba wa meli mpya mwezi Mei alikuwa bado anadaiwa bei ya Mei.

Sasa nikupe kisa cha Hanjin, maana ndicho ambacho ningependa kaka zako wakisikie kabla ya hadithi za wanaofanikiwa. Hanjin Shipping ya Korea Kusini ilikuwa ya saba duniani kwa meli za makontena. Katika miaka ya neema ilikodi meli nyingi kwa mikataba ya muda mrefu, kwa bei za juu za wakati ule. Nauli ilipolala miaka mingi baada ya 2008, kodi za meli zilibaki palepale na madeni yakaongezeka. Agosti 2016 benki zilizokuwa zikiidai, zikiongozwa na Benki ya Maendeleo ya Korea, zilikataa kuongeza fedha. Tarehe 31 Agosti kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama.

Yaliyofuata ndiyo yanayofundisha. Bandari zilikataa kupokea meli zake, kwa hofu kwamba hakuna atakayelipia gati na upakuaji. Meli nyingine zilikaa nje ya bandari zikiogopa kukamatwa na wadai. Mabaharia wakabaki baharini na chakula cha kugawana kwa uangalifu. Bidhaa za takribani dola bilioni 14 zilikwama, nyingi zikiwa za wafanyabiashara waliokuwa wanajiandaa na mauzo ya mwisho wa mwaka. Februari 2017 mahakama ya Seoul ilitangaza kwamba Hanjin imefilisika. Haikuanguka kwa kukosa wateja wala kwa kukosa manahodha wazuri. Ilijifunga kulipa bei ya msimu mzuri kwa miaka mingi, na mapato yake yalikuwa ya msimu mbaya.

Kwa Maersk mambo yalikwenda hivi. Kampuni hii ya Denmark, iliyoanza 1904 katika mji wa Svendborg, kwa miaka mingi iliamini kwamba ushindi ni kuwa mkubwa na kuwa na gharama ndogo kwa kila kontena. Ilinunua washindani: Sealand 1999, P&O Nedlloyd 2005, Hamburg Süd 2017. Mwaka 2011 iliagiza meli 20 zenye uwezo wa makontena 18,000 ya futi 20 kila moja, kubwa kuliko zote za wakati ule. Mpango huo ulikuwa na mantiki, ila haukuwa na ulinzi: washindani nao waliagiza kubwa kama hizo, nafasi ikawa nyingi kuliko mzigo, na faida ya ukubwa ikaishia kwa mteja kama punguzo la nauli.

Kuanzia 2016, chini ya Søren Skou, Maersk ikageuza usukani. Iliuza kitengo chake cha mafuta na gesi kwa Total ya Ufaransa kwa dola bilioni 7.45, mpango uliotangazwa 2017, ikajitenga na uchimbaji visima baharini, na ikaanza kununua maghala, mawakala wa forodha na wasafirishaji wa ndege na malori. Ununuzi mkubwa kati ya hiyo ni LF Logistics ya Hong Kong, iliyotangazwa Desemba 2021 kwa dola bilioni 3.6. Meli zake wenyewe waliziwekea kikomo, uwezo wa kama makontena milioni 4 na ushee ya futi 20 kwa pamoja. Hoja yao ni kwamba mteja mwenye kiwanda hataki meli, anataka mzigo utoke mlango wa kiwanda ufike mlango wa duka, na atakayemfanyia yote hayo hatahamwa kwa sababu ya dola 50 za nauli. Mapato ya nchi kavu nayo hayapandi na kushuka kama ya baharini.

Umefanikiwa mkakati huo? Kwa maoni yangu, nusu. Nauli za wakati wa korona ziliipa Maersk faida ya zaidi ya dola bilioni 29 mwaka 2022. Mwaka uliofuata faida ikaanguka chini ya bilioni 4, na mwisho wa 2023 kitengo cha bahari kilikuwa kinaingiza hasara. Maana yake ni kwamba bahari bado ndiyo inayoamua hatima yao. Kitengo cha nchi kavu kimekua, lakini faida yake imesumbuka kufikia lengo la asilimia 6 walilojiwekea wenyewe. Kununua kampuni hakuna ugumu ukiwa na fedha. Ugumu ni kuifanya ghala ya Hong Kong, wakala wa Hamburg na meli ya Maersk vifanye kazi kama kitu kimoja.

MSC ni habari nyingine kabisa. Gianluigi Aponte, nahodha Mwitaliano, aliianzisha 1970 kwa meli moja kuukuu iliyoitwa Patricia. Safari zake za mwanzo zilikuwa upande wetu huu, kati ya Mediterania na Somalia. Nusu karne baadaye kampuni iko Geneva, bado ni mali ya familia, haiko kwenye soko la hisa wala haitangazi hesabu zake. Ukoo huo wa Aponte umekuwa na tabia moja isiyobadilika, nayo ni kununua meli zilizotumika, kwa bei nafuu, wakati wengine wanasitasita.

Agosti 2020 dunia ikiwa bado imejifungia, MSC ilianza kununua meli kuukuu moja baada ya nyingine. Wengine waliona ni wazimu. Miezi michache baadaye nauli zililipuka, na meli zile zilirudisha gharama zake kwa muda mfupi mno. Waliendelea hadi wakafikia mamia ya meli. Januari 2022 MSC iliipita Maersk kwa uwezo wa kubeba, nafasi ambayo Maersk ilikuwa imeishika kwa miongo. Leo ina uwezo wa zaidi ya makontena milioni 6. Faida hiyo haikulala: Desemba 2022 walikamilisha kununua biashara ya Bolloré barani Afrika kwa euro bilioni 5.7, ambayo sasa inaitwa Africa Global Logistics. Kwa hiyo uliyosikia kwamba wao wananunua meli tu si sahihi. Walianza na meli zilipokuwa rahisi, kisha wakaenda nchi kavu kwa fedha taslimu.

Nakuomba uangalie kwa makini kwa nini MSC iliweza na Maersk isingeweza kwa urahisi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa inaulizwa maswali kila miezi mitatu. Ukisema "tunanunua meli 100 kuukuu katikati ya janga", hisa zinashuka kesho yake. Familia yenye akiba inaweza kununua na kungoja miaka mitano bila kumweleza mtu. Kwa hiyo anayemiliki kampuni na aina ya fedha aliyo nayo vinaamua mkakati anaoweza kuuvumilia. Familia yenu, katika hili, inafanana na MSC zaidi ya Maersk. Mna uvumilivu wa familia. Ila mkichukua mkopo mkubwa, uvumilivu huo mnaukabidhi benki, na benki haivumilii.

Hapa ndipo penye jibu la meli ya tatu. Bei ya meli kuukuu inafuata nauli. Nauli ikiwa nzuri leo, meli nayo ni ghali leo, kwa sababu muuzaji anaijua nauli kama mnavyoijua ninyi. Fanya hesabu hii usiku mmoja. Chukua mapato ya meli mbili za sasa, uyapunguze theluthi moja. Toa mafuta, mishahara, bima, ada za bandari, na fungu la kupandisha meli chelezoni kwa matengenezo. Kinachobaki kinatosha kulipa marejesho ya meli ya tatu hata kama yenyewe haijapata mzigo wa maana kwa miezi sita? Ikiwa hakitoshi, hamnunui meli. Mnanunua dua kwamba nauli isishuke.

Kama mzigo upo kweli na meli mbili hazitoshi, kodini ya tatu kwa miezi sita au mwaka. Kodi itawaumiza kidogo kuliko marejesho, na mzigo ukipungua mnairudisha kwa mwenyewe. Kosa la Hanjin lilikuwa urefu wa mikataba. Kukodi kwenyewe kulikuwa sawa. Wakati mmekodi, akiba inajengwa. Siku utakapoona wenzenu wanauza kwa sababu wamechoka, mtakuwa na fedha mkononi na mtachagua.

Na mkopo ukibidi, uwe wa sarafu ile ile mnayolipwa. Mnalipwa shilingi na wafanyabiashara wa Pemba, kisha mnadaiwa dola? Dola ikipanda, mmeongezewa deni bila kuongezewa hata gunia moja la mzigo. Safari za Moroni zinazolipwa kwa fedha za kigeni zinaweza kubeba sehemu ndogo ya mkopo wa dola. Mkopo mzima, hapana.

Kabla ya kufikiria meli mpya, fikiria nafasi mnayoirudisha tupu. Meli inakwenda Pemba imejaa saruji na sukari. Inarudi na nini? Msimu wa karafuu mnaweza kuwa na mzigo, mwani nao upo, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka mnachoma mafuta kubeba hewa. Makampuni makubwa yana watu ambao kazi yao pekee ni kuhakikisha kontena halirudi tupu pale linapoweza kupata mzigo. Ninyi mnahitaji mtu mmoja tu, mwenye simu na anayefahamiana na wanunuzi wa mazao Wete, Chake Chake na Mkoani, awe analipwa kamisheni kwa kila tani ya kurudi. Tani 50 za kurudi kila safari zinaweza kuwa na thamani kuliko meli ya tatu isiyo na mzigo wa uhakika.

Kisha mwendo. Baada ya 2008 Maersk ilikuwa mstari wa mbele kupunguza mwendo wa meli, na wengine wakafuata. Sababu yake ni fizikia: kwa makadirio, mafuta yanayoungua kwa saa hupanda kwa mchemraba wa mwendo. Meli iliyoshuka kutoka noti 24 (maili 24 za baharini kwa saa) hadi 18 inatumia kama asilimia 42 tu ya mafuta kwa saa. Safari inarefuka, lakini kwa safari nzima bado inaokoa zaidi ya theluthi. Meli zenu haziendi noti 24, ila kanuni ni ile ile. Kama meli inafika bandari ya Malindi, Unguja, saa kumi usiku na inangoja gati hadi saa mbili asubuhi, imekimbilia nini? Kaa na nahodha mpange saa ya kufika kwa kufuata gati, na msimu wa kusi na kaskazi uingizwe kwenye ratiba.

Lingine ni kushirikiana. Wakubwa hawa wanaochuana wanapeana nafasi melini. Maersk na MSC wenyewe walikuwa pamoja katika ushirika wa 2M kuanzia 2015, wakatengana mwanzoni mwa 2025. Maersk sasa iko na Hapag-Lloyd ya Ujerumani katika ushirika wa Gemini ulioanza Februari 2025. Wameahidi meli zifike kwa wakati zaidi ya asilimia 90, kwa kutumia bandari chache kama vitovu na meli ndogo za kusambaza. Mtindo wa kitovu tunaujua: mizigo mingi ya Maersk inayokuja Mombasa imezoea kupitia Salalah, Oman. Ninyi na jirani yenu mnaotoka Dar siku moja kwenda Pemba, kila mmoja akiwa nusu, mnaweza kupokezana: wiki hii mzigo wote uende kwake, wiki ijayo uje kwenu. Ila angalizo la kisheria. Kugawana nafasi ni jambo moja, kupanga bei pamoja ni jambo jingine. Ulaya ilipiga marufuku mashirika ya kupanga nauli za meli mwaka 2008, na 2024 ikaondoa hata msamaha maalumu wa sheria ya ushindani uliokuwa unalinda ushirika wa kampuni za meli. Kwetu pia sheria ya ushindani ipo. Muulizeni wakili kabla ya kusaini.

Kuna jambo ambalo vitabu vya mkakati hulipitia haraka, nami siwezi. Mtu akiwa na deni, mkono wake unakuwa mwepesi kuongeza mzigo. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Familia nyingi za Unguja na Pemba bado zinaishi na msiba ule. Fedha za ukaguzi, maboya, mafunzo ya mabaharia na chelezo ziwekwe kwenye akaunti ambayo kaka yako mmoja peke yake hawezi kuigusa, na kikomo cha mzigo kiwe neno la nahodha, siyo la ofisi. Mpango wowote wa kukua unaohitaji kikomo hicho kisogezwe ni wa kuukataa hata kama benki imeukubali.

Mwisho, Maersk. Kuna kitu chao ambacho kinawafaa, nacho ni kumshika mteja nchi kavu. Mwenye duka wa Chake Chake anataka sukari na mchele vifike kabla ya Ramadhani, akijua siku yenyewe, na aweze kuchukua mifuko 30 leo na 30 wiki ijayo bila kukodi stoo yake. Ghala ndogo ya kupanga Mkoani, yenye karani mwaminifu na daftari la wateja, itagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya meli. Wateja wakishazoea kuhifadhi kwenu, wanakuwa na sababu ya kuendelea kusafirisha nanyi hata mwingine akishusha nauli. Ila muianze kwa kupanga, kwa mwaka mmoja, na muangalie kama inajilipa kabla ya kujenga.

Kwenye kikao cha familia nenda na karatasi tatu: hesabu ya nauli iliyopungua theluthi, hesabu ya kukodi meli miezi sita, na tani mlizorudi nazo kutoka Pemba kwa kila mwezi wa mwaka uliopita. Kama kaka zako watapinga, watapinga tarakimu zao wenyewe. Ukipenda, nitumie karatasi hizo kabla ya kikao, nitazipitia.